Nilimwona Akiutia Mfukoni

"Usinifunulie mwisho! Ukinifunulia, harusi hakuna."

"Sijafika mwisho, jamani. Niko katikati. Tulia nisome."

"Soma basi, na sauti uipandishe. Hii nyundo haina adabu."

Dokta alicheka, akajiegemeza kwenye rundo la sponji. Mtaa mzima ulimwita Dokta, ingawa kazi yake ilikuwa kuuza dawa pale dukani ng'ambo ya barabara. Kila mchana alivuka kwenda karakana ya mchumba wake, fundi wa sofa, akamsomea riwaya. Mikono ya Fundi ilikuwa na kazi, ila masikio yalikuwa bure.

Wiki hiyo riwaya ilikuwa imewanasa kwelikweli. Marafiki watatu walicheza pamoja utotoni, mmoja akafungwa kwa kosa lisilo lake, kwa sababu kati yao kulikuwa na mwongo. Nani? Kila sura ilimgeuza mtu mwema kuwa mbaya.

"Ni yule mwalimu, naapa," alisema Dokta.

"Juzi uliapa ni muuza maziwa."

"Muuza maziwa alinichezea akili! Huyu mwandishi mchawi."

"Mimi nasema ni yule msichana mpole. Anayelia kila akitajwa rafiki yake. Mtu halii bure miaka yote hiyo."

Dokta akafunua ukurasa, hakuusoma.

"Akiwa ni yeye, utamchukia?"

"Yeye na wajukuu zake."

"Alikuwa mtoto, Fundi."

"Mtoto ukimuuliza nani kamaliza sukari, anajua vizuri kabisa anamsingizia nani. Hebu niwashie tochi ya simu hapa."

Sofa aliyokuwa akiivua vitambaa ilitoka nyumbani kwa kina Dokta. Mama yake ndiye aliyeituma, ipendeze kabla ya harusi ya mwezi ujao. Nyumba hiyo Fundi aliijua tangu utotoni. Mama yake mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa ndani pale, na yeye na Dokta walikua wakicheza uani, mpaka siku mkufu wa dhahabu ulipopotea na mama yake Fundi akafukuzwa kama mwizi. Walikuja kukutana tena ukubwani, Fundi alipojipiga pini ya stepla kidoleni akakimbilia dukani kutafuta plasta. Mapenzi yakaanzia kwenye kidole.

Fundi alizamisha mkono ndani ya sofa mpaka begani. Akatoa chanuo. Akatoa kifuniko cha kalamu. Kisha akatoa kitu kilichong'aa kwenye mwanga wa tochi, akakaa chini kwenye vumbi la sponji.

"Dokta. Hebu tazama."

Dokta alitazama. Mkufu.

"Mama yangu hakuiba!" Fundi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Unaona? Uliteleza wenyewe! Hakuna aliyeiba! Miaka yote hii ulikuwa humu humu!"

Hapa, ndugu msomaji, mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Mkufu ulianguka, basi, hakuna mwenye kosa, watu wacheke na harusi iendelee. Lakini Dokta alikifunga kitabu. Akiwa na miaka saba aliuvaa mkufu huo kwa siri, akajifanya bibi harusi juu ya sofa hiyo, akaruka, ukapotea. Mama yake alipouliza kwa ukali, aliogopa kofi. Akasema, "Nilimwona dada akiutia mfukoni."

Fundi alikuwa ameshapiga simu na kuweka sauti ya nje.

"Mama! Mkufu umepatikana! Ulikuwa ndani ya sofa!"

Ikasikika pumzi ndefu.

"Mungu mkubwa. Uko na nani hapo, mwanangu?"

"Na Dokta."

Mama akashusha sauti.

"Basi. Ulianguka tu. Yameisha."

"Hayajaisha! Si walisema kuna mtu alikuona ukiutia mfukoni? Ni nani huyo? Nataka nimjue."

"Nimesahau."

"Mama, wewe unakumbuka mpaka jina la mbuzi wa jirani!"

"Hilo nimesahau. Msalimie Dokta. Mwambie nampenda."

Simu ikakatika. Aibu ilimpanda Dokta mpaka masikio yakawaka. Yule mama alikuwa anajua. Amekula naye, amemwita mkwe, na sasa hivi alikuwa amemfichia aibu yake kwa mara nyingine.

"Fundi. Mama hakusahau. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyesema nilimwona. Sikumwona. Mkufu niliupoteza mimi."

Fundi alianza kucheka. "Usiniletee riwaya zako." Kisha akamtazama usoni, na kicheko kikafa.

"Nilimshika mkono siku ile," alisema taratibu. "Walimwaga begi lake barazani, majirani wanatazama nguo zake za ndani. Nilikuwa nimemshika mkono."

"Najua."

"Uliponikubali, ulikuwa unanipenda au ulikuwa unalipa?"

"Nilikupenda. Na kila nilivyozidi kukupenda, nilizidi kuogopa kusema."

"Nenda nyumbani, Dokta. Mpelekee mama yako mkufu wake."

Dokta alimpigia, simu haikupokelewa. Akatuma ujumbe: "Sina la kujitetea. Naomba unisikilize tu." Jibu likaja kesho yake: "Sofa bado. Nikimaliza nitamjulisha mama yako."

Dokta akamweleza mama yake kila kitu, jikoni, amesimama.

"Mkufu si umepatikana?" mama alisema. "Yaliyopita si ndwele."

"Ndwele ninayo mimi, mama."

"Unataka kutuaibisha mbele za watu?"

"Tulimwaibisha mwenzetu mbele ya watu haohao, na kosa halikuwa lake."

Mama aliyageukia masufuria yake. Begi lile alilimwaga yeye kwa mikono yake.

Jioni Dokta alikwenda kwa mama yake Fundi. Alimkuta akianua nguo kambani.

"Ulijua tangu lini, mama?"

"Tangu siku ile ile. Ulisema ukiwa umejificha nyuma ya mama yako, macho chini."

"Na bado ukakubali posa?"

"Mwanangu anakupenda, nifanyeje? Nilikuwa nangoja useme. Kila ukija nasema moyoni, leo atasema. Unakunywa maji, unaaga."

"Na nisingesema kabisa?"

"Ningekuita mkwe mpaka nakufa. Ila nisingekuamini na kijiko."

Dokta alilia pale pale chini ya kamba. Yule mama hakumbembeleza, wala hakumfukuza. Alimpa ncha ya shuka washirikiane kulikunja.

"Nilitolewa mbele za watu," alisema.

"Nitasema mbele za watu."

Jumapili majirani wakaitwa kwa kina Dokta, wale wa zamani, na mama yake Fundi pia. Sebule haikuwa na kiti, sofa bado iko karakana, kila mtu akakaa mkekani. Dokta akasimama peke yake.

"Mnamkumbuka mama huyu. Mnakumbuka alivyotoka humu. Hakuiba. Mimi nilipoteza mkufu nikamsingizia, na nilipokua nikanyamaza kwa sababu ukimya ulinifaa. Naomba radhi kwake, na kwenu mliobeba uongo wangu."

Mama yake Dokta alisogea, akauweka mkufu mbele ya mwenzake.

"Uchukue, dada yangu. Na unisamehe. Sikukuuliza hata swali moja."

"Radhi nimepokea. Mkufu sitaki. Ulikuwa wako siku zote, hilo ndilo nililokuwa nakwambia."

Mama yake Dokta akajifunika uso kwa mikono miwili.

Fundi alikuwa mlangoni. Hakuna aliyejua alifika saa ngapi.

"Mbona umesimama kama mdai?" mama yake alimwita. "Ingia."

Akaingia, akakaa. Dokta naye akakaa, mbali kidogo, hakuthubutu kumtazama.

"Bado nina hasira," alisema Fundi kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Harusi ya mwezi ujao haipo."

"Najua."

"Sikusema haipo kabisa. Nimesema ya mwezi ujao."

Dokta aliinua uso, machozi yanamtiririka.

"Mpaka lini?"

"Mpaka siku nitakayokutazama nikuone wewe, nisione nguo za mama yangu barazani."

"Nitasubiri."

"Itachukua muda."

"Nitasubiri, Fundi."

Fundi akasogea kidogo, akamwachia nafasi mkekani.