Kikohozi cha Hekaluni

"Usinikoholee mimi, Baba Makena! Nimekuuliza jambo la maana."

"Na nimekujibu. Picha inaenda."

"Haiendi popote."

"Mama Makena, chuo kimenipa ukuta mzima. Picha ishirini, na hii ndiyo ya katikati. Sasa niende niwaambie mke wangu amekataa?"

"Waambie mwenye uso amekataa. Tazama mkono wake."

Picha yenyewe ilikuwa imeegemezwa kwenye kochi, ndani ya fremu nyeusi, kubwa kama mlango wa kabati. Ilimwonyesha bibi mmoja wa Kichina amepiga magoti katika hekalu la Mlima Wutai, mbele ya vijiti vya ubani. Machozi yanamtoka, na mkono wake wa kulia umeinuka nusu. Nahashon alisema bibi anapunga moshi. Serah, mkewe, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaosha na kuwavisha wagonjwa katika nyumba ya wazee kule Crystal, kitongoji cha Minneapolis, Marekani, aliujua mkono wa mtu anayejificha uso. Aliuona kila mara mfanyakazi mzembe aliposahau kuvuta pazia.

"Huyu anajifunika," alisema. "Na hapo ukutani, nyuma yake, si ule mchoro wa kamera iliyopigwa mstari mwekundu? Uliuona, ukapiga."

"Kila mtu alikuwa anapiga."

"Kila mtu haishi humu ndani."

Nahashon akacheka, akaibeba fremu yake chumbani. Ugomvi ukaishia hapo siku hiyo, kwa sababu Serah alikuwa anachelewa kazini.

Wenzangu mnaoishi Minneapolis na Saint Paul, msidhani namsimulia mtu mbaya. Nahashon hakuwa mlevi, hakumwinulia mkewe mkono, na kanisani alifika kabla ya mchungaji. Alikuwa akisomea historia, na kiangazi cha mwaka 1997 alisafiri China wiki tano pamoja na wanafunzi wenzake. Alipanda Ukuta Mkuu mpaka magoti yakamtetemeka. Aliona makaburi ya wafalme wa Ming, akaona mahekalu ya kale yenye mapaa ya vigae vya njano. Alirudi na roli thelathini za filamu na mbinu moja.

Mbinu ilikuwa hii. Katika kumbi za ibada walikokataza picha, aliining'iniza kamera kifuani, akatazama dari kama mtu anayestaajabia nakshi, kisha akakohoa huku akibonyeza. Kikohozi kilifunika mlio. Aliwaonyesha wageni mbinu hiyo sebuleni kwake Hopkins, juu ya chai na maandazi, na rafiki yake Harrison akashika mbavu: "Kohoa tena, bwana! Watawa wakuletee dawa!" Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Makena, binti yao wa miaka kumi na mmoja, alicheka kuliko wote.

Hata Serah alicheka. Baadaye alijilaumu kwa kicheko hicho kuliko kwa jambo lolote.

Ikafika ile Alhamisi ya Oktoba ambapo shule hufungwa kwa mkutano wa walimu. Walikuwa wamekubaliana Nahashon abaki na mtoto. Serah alipoamka alikuta karatasi kwenye friji: "Nimeenda Saint Paul kutundika picha. Nenda na Makena." Serah alisonya, akamvalisha mtoto jaketi, wakaingia kwenye gari lake kuukuu. Hakujua kwamba mfukoni mwa jaketi Makena alikuwa ameficha kamera ndogo ya Nahashon, ile aliyoitumia siku ya mwisho China, filamu yake haijaisha.

"Utakaa kwenye chumba cha chakula cha wafanyakazi," alimwambia. "Usitembee-tembee. Unanisikia?"

"Ndiyo, Mom."

Katika chumba cha mwisho cha ujia alilala mzee aitwaye Walter. Hakuwa na siku nyingi, na wote walijua. Binti yake Valentina alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, rozari ameizungusha kwenye mkono wake na wa baba yake kwa pamoja, paji la uso limegusa shuka. Serah alikuwa ameinama akinyoosha mto. Hapo mlangoni akasikia mtu akikohoa.

Alikijua kikohozi hicho. Aligeuka akiwa ameshachelewa. Kikohozi kilifunika mlio wa kwanza, lakini ile kamera ndogo ilikuwa ikivuta filamu yenyewe, na ikavuma kama nyuki ndani ya kopo. Valentina akainua kichwa. Akamwona mtoto. Mkono wake ukaenda usoni, ukaishia nusu ya njia.

Msimamizi wa wauguzi, Bi Dinah, hakupiga kelele. Alimwita Serah ofisini, akafunga mlango.

"Nenda nyumbani ukaseme na mwenye kamera. Filamu hiyo iwe hapa saa kumi jioni, haijasafishwa. Familia ikiandika malalamiko, sitaweza kukutetea. Miaka mitano, Serah, sijawahi kukuita humu."

Nahashon alikuwa amesharudi, anapiga miluzi, anakula ugali wa jana. Serah alimweleza mambo yote akiwa amesimama, jaketi hajalivua. Nahashon alimgeukia binti yake.

"Makena, nani alikutuma?"

Mtoto alijibu kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa kawaida yake. Alisema mikono yao ilipendeza, imefungwa pamoja namna ile, kama picha ya Baba. "Na niliangalia kwanza kama kuna alama ya kukataza. Hapakuwa na alama. Kwenye picha yako ipo."

Nahashon alisukuma sahani. Alipofungua mdomo tena, alisema jambo ambalo lingemwaibisha baadaye.

"Humo kuna picha zangu kumi na nne. Wale wanyama wa mawe, njia ya kwenda makaburini, jua linachomoza. Sitafika tena kule. Tuipeleke dukani isafishwe, tukate ile moja tuwape."

"Ili mtu wa dukani amtazame Walter akikata roho?"

"Nawaza tu, Mama Makena."

"Wewe unawaza wanyama wa mawe. Mimi nawaza kazi yangu, na huyu mtoto atakuwa mtu wa namna gani." Serah akamtupia funguo. "Utaendesha wewe. Na utasema wewe. Mimi sina la kumwambia yule mama."

Walifika saa kumi kasorobo. Valentina alitoka ujiani, macho yamevimba. Nahashon akamsogeza Makena mbele.

"Huyu ni binti yangu. Amekukosea. Lakini kile kikohozi amejifunza kwangu. Nilikitumia mahali watu wanapoomba, nikarudi nyumbani nikajisifu."

"Samahani," alisema Makena kwa sauti ndogo.

Valentina aliitazama kamera. Nahashon akaufungua mlango wa nyuma wa kamera kwa kidole gumba, akaivuta filamu yote nje, shubiri kwa shubiri, chini ya taa za ujia ambazo mwanga wake huiharibu, mpaka ikamwangukia miguuni. Serah aliona taya lake likikaza. Wanyama wa mawe walikwenda, na jua lao likaenda pia.

"Basi," alisema Valentina. Kisha akamgeukia Serah. "Nani atamgeuza Baba jioni hii?"

"Mwenzangu yupo."

"Kesho uje wewe. Anaijua mikono yako."

Bi Dinah, aliyesimama nyuma yao, alitikisa kichwa kukubali, akaiokota filamu.

Gari likasimama kwenye taa nyekundu. Makena akauliza, "Na yule bibi je?"

Nahashon alimtazama mtoto kwenye kioo. Akawasha indiketa. Hakukata kona ya kwenda Hopkins. Alishika barabara ya Saint Paul, akaingia katika ukumbi wa chuo bila kuvua kofia, akaishusha ile fremu kwa mikono yake.

"Hapo katikati utaweka nini?" mtunza ukumbi aliuliza. "Watu wanakuja kesho!"

"Hakuna. Paache wazi."

Akatoa negativu ya bibi, ile filamu picha ilikotolewa, kwenye bahasha iliyokuwa nyuma ya fremu, akaazima mkasi, akaikata vipande vinne mbele ya binti yake.

Funzo

Ndugu msomaji, safiri. Piga picha kuta, minara na milima upendavyo. Lakini mahali mtu anapoomba au anapolia, shusha kamera kwanza. Kama hujui lugha yake, mwonyeshe kamera na usubiri. Mkono wake ukiinuka, umeshajibiwa. Machozi ya mtu hayawi mapambo ya ukuta wako kwa sababu tu yeye yuko mbali na hatakuja kukudai.

Na ukiona unalazimika kukohoa ili tendo lako lisisikike, liache. Mwenye hekalu huenda asisikie. Mtoto wako atasikia.