Mitihani Laini ya Wino

"Umenimaliza, Wino! Umenimaliza mchana kweupe!"

Binti fundi cherehani aliingia kwenye duka la fotokopi kama kimbunga, akabwaga kwenye kaunta karatasi kumi na mbili za majaribio. Alikuwa ametoka kwenye mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi. Miaka minne ameshona sare za manesi wa watu, naye anatamani ya kwake.

Mwenye duka, kijana ambaye mtaa mzima ulimwita Wino kwa sababu ya vidole vyake, ndiye aliyemtungia majaribio yote ya ufahamu. Na alimpenda, ila mdomo ulikuwa mzito.

"Pole. Kaa kwanza."

"Sikai! Soma hili jaribio lako: 'Mzee alinunua viatu.' Swali, nani alinunua viatu? Sasa sikia la kwao: kurasa mbili za mzee aliyeibiwa viatu, halafu wanauliza kwa nini alicheka. Hakuna mstari uliosema kwa nini! Nautafuta, na msimamizi anahesabu dakika kama mtoa roho!"

"Lakini hapa ulikuwa unapata kumi kwa kumi..."

"Kumi za uji! Mwezi mzima wa uji, halafu mtu anatupiwa mfupa!"

Shangazi yake, aliyemfuata akihema, akadakia mlangoni:

"Huyu hataki uende. Anaogopa utaona madaktari huko, yeye abaki na mashine yake."

"Hapana, shangazi," Wino akasema. "La kwanza nilinakili mtihani wa zamani. Akapata tatu, akalia mpaka akalowesha kitambaa cha mteja. Nikashindwa kumtazama. La pili nikapunguza makali, la tatu nikapunguza tena. Akipata kumi anacheka, na akicheka, mimi..."

"Kwa hiyo machozi yangu yalikushinda wewe, ukaona bora nikalie mbele ya watu mia tatu?"

Wino akainamisha kichwa. Binti akaondoka, na simu zake hakupokea.

Majibu yakatoka: alama arobaini na sita. Waliotakiwa walianzia hamsini. Bahati nzuri, mtihani ungerudiwa baada ya miezi miwili.

Ujumbe wa Wino ukaingia kwenye simu ya binti: "Nitunge upya?"

Akausoma, akaendelea kushona. Ukaingia mwingine:

"Safari hii sikuonei huruma."

Baada ya siku mbili akajibu: "Lete. Na saa uje nayo."

Basi ikawa kila jioni, cherehani ikinyamaza, Wino anaweka saa mezani.

"Swali la nne limekosewa."

"Halijakosewa."

"Nidokeze kidogo tu, Wino."

"Dakika sita."

"Una roho mbaya wewe!"

"Dakika tano."

Macho ya binti yakilowa, Wino anageukia ukutani, jasho linamtoka yeye. Karatasi haigusi. Binti alipata tatu, akapata tano, akapata saba. Kumi hakuiona tena.

Siku ya marudio alitoka getini anacheka.

"Wa kwao mwepesi kuliko wako, mtesaji mkubwa wewe!"

Majibu yalipotoka alimwandikia: "SABINI NA MOJA!!!" Halafu akaenda mwenyewe dukani.

"Chuo ni miaka mitatu, Wino."

"Najua."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo... hongera."

"Wino! Mwanaume mzima! Sema."

Akashusha pumzi. "Nakupenda. Nataka tuoane ukimaliza. Nitasubiri."

Binti akauma mdomo asicheke.

"Haya. Shangazi yuko nyumbani. Kamwambie hivyohivyo."

"Peke yangu? Yule mama ananitisha."

"Ananitisha hata mimi. Nenda."

Wino akachomekea shati, akaenda. Binti akabaki kaunta akihudumia wateja, karatasi anazitia mashineni juu chini kwa wasiwasi. Nusu saa baadaye simu ikalia.

"Wewe mtoto," shangazi akasema, "nimemkubali huyu mtu wako. Sasa njoo umwambie, maana mimi nimeshamwambia mara tatu na bado anatetemeka."