Faili Linatumika

Jioni ile Fundi alifunga mapema duka lake la kutengeneza kompyuta, akatia diski ya nje mfukoni, akaenda kwa mama yake kumaliza kazi aliyoiahirisha miezi mitatu. Kazi yenyewe ya robo saa. Lakini mafundi mnawajua. Kifaa cha mtu baki kinatengenezwa siku hiyohiyo, cha nyumbani mpaka watu wanuniane.

Mama alikuwa haoni. Sukari ilimla macho taratibu, na binti yake, mdogo wake Fundi, aliyefanya kazi mbali, akawa kila jioni anajirekodi na kumtumia: leo nimekula nini, leo nimegombana na nani. Rekodi mia mbili na kumi na mbili. Kisha homa ikamchukua binti ndani ya siku nne. Mama akabaki na kompyuta kuukuu katika chumba cha marehemu. Kila magharibi aliiwasha kwa kupapasa, akasikiliza, midomo yake ikifuata yale maneno.

Sasa kompyuta ilikuwa inagonga.

Tak... tak...

Fundi aliujua mlio huo. Diski ya ndani ikianza kugonga hivyo, basi imeshaaga. Na zile rekodi hazikuwa na nakala popote duniani. Sauti ya binti ikipotea, mama hatafika mwezi. Alikuwa ameshakonda mpaka pete inamvuka kidoleni.

"Unanakili au unakata?" mama akauliza kutoka sebuleni. Alikuwa karani wa ofisi miaka thelathini, mambo hayo alikuwa anayajua vizuri tu.

"Nanakili, mama. Vya kwako vinabaki palepale."

"Maana ukikata, unaondoa."

"Mama, hii ndiyo kazi yangu."

"Haya, baba. Nimesema tu."

Fundi akacheka peke yake, akachomeka waya. Rekodi zikaanza kunakiliwa kwenye diski ya nje, moja baada ya nyingine, bila matata. Mia mbili na kumi na moja zikaingia. Ya mwisho ikagoma.

*Haiwezekani kunakili. Faili linatumika.*

"Linatumika na nani, wewe bati?" akanong'ona.

Akabadilisha waya. Ikagoma. Akahamia tundu jingine. Ikagoma. Akaangalia kama diski ya nje imejaa. Wapi, ilikuwa na nafasi ya kumwaga. Akazima kompyuta, akahesabu mpaka thelathini, akaiwasha upya. Hakufungua kitu chochote. Akajaribu tena.

*Faili linatumika.*

Nje mwanga ulikuwa unakwisha. Ndani ya chumba kukaingia harufu... Mafuta ya nywele. Yale aliyokuwa akipaka mdogo wake. Fundi akageuka. Hakuna mtu. Lakini kutoka sebuleni alisikia mnong'ono, mwembamba, usio na kituo. Mama alikuwa anasema maneno ya rekodi, na hakuna rekodi iliyokuwa ikicheza.

"Mama, unaongea na nani?"

Mnong'ono haukukatika.

Tak. Tak. Tak. Sasa diski iligonga harakaharaka. Fundi alikuwa na programu moja ya kazini ya kuonyesha ni nani aliyeshikilia faili. Akaifungua. Kwa kawaida huandika jina la programu fulani, unaifunga, mambo yanaendelea. Safari hii iliandika neno moja.

*Mama.*

Akajiambia labda mdogo wake ndiye aliyemfungulia mama akaunti kwa jina hilo. Inawezekana. Hata leo anapenda kuamini hivyo. Chini ya lile neno palikuwa na swali: *Lazimisha kuachia?*

Ndipo akafanya kosa ambalo huwagombezea wateja kila siku. Ukiwa na diski inayokufa, nakili, usikate. Lakini Fundi alikuwa na haraka, na hofu, na kiburi kidogo cha mtu anayejua kazi. Akabonyeza ndiyo. Akalikata faili, akalibandika kwenye diski ya nje.

Lilipita kwa ulaini kabisa.

Na mnong'ono sebuleni ukakatika.

"Mama?"

Vidole vyake vikafungua lile faili kwenye diski ya nje, ahakikishe tu kuwa sauti ya mdogo wake iko salama. Kukasikika pumzi. Kisha sauti. Haikuwa ya mdogo wake.

"Baba...? Huku hakuna viti. Nikae wapi?"

Ilikuwa ya mama.

Fundi alikimbia sebuleni akijigonga milangoni. Mama alikuwa kwenye kiti chake, ameketi wima, mgongo umenyooka kama wa msichana. Akageuza uso kumwelekea.

"Kaka," akasema. "Nina njaa."

Mama yake hakuwahi kumwita kaka. Aliyemwita kaka alikuwa mmoja tu, na Fundi mwenyewe ndiye aliyemshusha kaburini.

Akarudi chumbani mbio. Alijua la kufanya: akate tena, arudishe lilikotoka. Kompyuta ilikuwa bado hai. Mkono ukashika kipanya. Nyuma yake, mlangoni, ile harufu ya mafuta ikasogea.

"Ukimrudisha yeye," mtu akanong'ona, "mimi unanipeleka wapi?"

Fundi alimlilia mdogo wake miezi mitatu, mtu mzima, kwenye mto, ili mkewe asisikie. Na sasa huyo alikuwa amesimama nyuma yake, anapumua. Kidole kikabaki hewani. Akasita. Pumzi mbili tu, hazikuzidi.

Tak.

Kompyuta ikanyamaza, na haikuwaka tena.

Leo majirani wanampongeza. Wanasema mama amenawiri, anakula vizuri, anacheka, umempa dawa gani? Fundi anasema ni Mungu tu. Humpelekea matunda, huketi naye, na moyo wake unafurahi, kisha unaona aibu kwa kufurahi. Ameshachomeka ile diski ya nje kwenye kompyuta zote za dukani. Kompyuta ile ya zamani imekufa, na faili halikubali kuwekwa mahali pengine. Kulisikiliza tu ndiko kunakowezekana.

Kila akilisikiliza, limerefuka. Siku za mwanzo mama aliuliza viti, akauliza taa, akamwita na marehemu mumewe. Wiki iliyopita hakuuliza hayo. Alisema polepole, bila hasira, kama anavyosema mama na mwanawe:

"Baba... mbona ulisita?"