Kikapu cha Jepkorir

Wamaitha alitua debe la maji, akashika kiuno. Hiyo ilikuwa siku ya tisa ya kuteremka mtoni na kupanda tena. Na maji yenyewe yalikuwa matope matupu! Bomba la shamba, lenye maji safi ya chemchemi, lilikuwa hatua hamsini tu kutoka mlangoni pake.

Ilikuwa mwaka 1951, katika shamba la mzungu mmoja karibu na Molo. Wakikuyu walikaa upande huu wa bomba, Wakipsigis upande ule. Wote walichuma maua ya pareto, na wote walijua kwamba pareto inaua wadudu. Sasa habari ilikuwa imeenea kwamba Wakipsigis wametia pareto katika maji ili wawamalize Wakikuyu. Wakipsigis waliposikia wanaitwa wauaji, walikasirika, wakaacha kuwauzia wenzao maziwa. Watu wazima wakawa hawasalimiani.

Mugure, binti ya Wamaitha, alikuwa na miaka mitatu. Alikuwa ameharisha siku tatu, na macho yalikuwa yameingia ndani. Wamaitha akamfunga mgongoni, akaenda kwa Naftaly, dresa aliyetibu wagonjwa wa shamba. Naftaly alikuwa mtu wa Maragoli, hakuwa na upande.

"Mtoto anakunywa maji gani?" akauliza.

"Ya mto."

"Kwa nini si ya bomba?"

"Daktari, wewe unaishi wapi? Bomba iko na sumu!"

Naftaly akampa mtoto dawa, akaagiza achemshiwe maji yote ya kunywa. Kisha akasema, "Hiyo sumu uliiona, ama uliambiwa?"

"Kila mtu anajua!"

"Sikuuliza kila mtu, mama. Nauliza wewe."

"Niliambiwa na jirani yangu Wangeci."

"Basi twende kwa Wangeci."

Wamaitha nusura alie kwa hasira. Mtoto mgonjwa, mgongo unauma, na dresa anataka matembezi! Lakini akamfuata.

Wangeci aliambiwa na Karanja, mwendesha ng'ombe wa kuvuta plau. Karanja aliapa kwamba ni kweli kabisa, maana aliambiwa na mkewe, Wawira. Akawapeleka nyumbani kwake. Wawira alikuwa anamenya viazi.

"Si ni wewe uliniambia, mama Mugure!" akasema Wawira. "Ulisema umeona Jepkorir, yule mama wa Kipsigis, akiosha kikapu ya pareto pale kwa bomba."

"Nilisema anaosha kikapu! Maji ilikuwa inaenda kwa mtaro! Nani alisema sumu?"

"Mimi nilisema tu pengine maji itaharibika."

"Na mimi nikamwambia Wangeci wameiharibu kwa pareto," Karanja akasema polepole.

Wamaitha akakaa chini. Siku tisa za mtoni, mtoto karibu afe, na chanzo ni mdomo wake mwenyewe! Aliona haya hata akashindwa kuinua macho.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema.

"Hayazoleki, lakini unaweza kuteka mengine," akajibu Naftaly.

"Basi watangazie wewe, daktari."

"Nikitangaza mimi, watasema nimehongwa. Na nikitaja sumu tena, watakumbuka sumu tu. Wewe ni mwenzao. Sema ulichoona, halafu wakuone ukikunywa. Mtu hufuata jirani yake kuliko tangazo."

Kesho yake asubuhi, kabla ya majina ya wafanyakazi kuitwa, Wamaitha alibisha kwa Jepkorir, akaeleza yote.

"Siku tisa watoto wangu wanaitwa watoto wa muuaji," akasema Jepkorir. "Leo ndiyo unakuja?"

"Leo, mama. Nisamehe."

 Jepkorir akachukua kikombe cha bati, wakaenda pamoja hadi bombani. Watu wa pande zote mbili wakasimama kutazama.

"Nilimuona Jepkorir akiosha kikapu hapa," Wamaitha akasema kwa sauti. "Hiyo tu. Ingine tuliongeza sisi."

Akanywa. Jepkorir naye akanywa, kwa kikombe kile kile. Wawira akaleta debe lake. Mwanamke mmoja wa Kipsigis akafuata. Kufikia jioni foleni ilikuwa ya watu wote, wakisukumana na kulalamika kama zamani.

Baada ya wiki moja Mugure alikuwa anakimbiza kuku, mdomo mweupe kwa maziwa ya Jepkorir. Wangeci akaja mbio, anahema.

"Umesikia? Wanasema karani wa shamba..."

"Uliona, ama uliambiwa?"

"Niliambiwa," akasema Wangeci.

"Basi rudi kwa huyo aliyekuambia, umuulize," akasema Wamaitha. "Na ukifuata mpaka ufike kwangu, ingia. Nitaomba msamaha tena."