Mlinzi wa Lango la Kaskazini

Foleni ya Akihabara, mtaa wa maduka ya michezo ya video, asubuhi ile ilizunguka duka, ikapita chini ya daraja la reli, ikaishia mlangoni kwa muuza tambi. Watu walikuwa wakisubiri toleo jipya la "Mpaka wa Kimya", ule mchezo wa video wa kujificha nyasini na kupenya kambi za adui bila kuonekana. Chizuru Minobe naye alipanga foleni, koti la kijani, skafu ya manjano imemfunika nusu ya uso. Hakuwa na haja ya kununua. Alitaka kuziona sura za wanunuzi tu.

Kijana aliyekuwa mbele yake alirudi nyuma ghafla, akamkanyaga.

"Samahani, dada! Nimekuumiza?"

"Kiatu ndicho kimeumia. Mimi bado mzima."

"Basi ngoja nikiombe radhi chenyewe." Akakiinamia kiatu kwa heshima zote, mpaka watu wa nyuma wakacheka.

Huyo ndiye Tetsuro Igarashi, fundi wa lifti, mrefu, sare ya kazi ikichungulia chini ya jaketi. Alikuwa ametoroka kazini, na wala hakulificha hilo.

"Ukicheza, unaua au unapita?" Chizuru alimuuliza.

"Napita. Tena siwagusi walinzi mpaka wamalize mazungumzo yao. Majenerali mle ndani wanahutubia mno. Wale walinzi ndio wenye mchezo! Mmoja ananung'unika baridi, mwenzake anauliza vita hivi ni vya nani, na makombora wanayoyalinda yatauzwa kwa nani. Anayewaandikia maneno yale, nikimpata, naoa."

Chizuru aliipandisha skafu. "Na akiwa babu mwenye kipara?"

"Nitamnunulia kofia."

Walipotoka, Tetsuro na mchezo wake mkononi, walikula tambi pamoja. Hapo kaunta, mvuke wa supu ukiwapanda usoni, Chizuru alimwambia kwamba babu mwenye kipara ni yeye. Tetsuro alipaliwa mpaka muuzaji akamletea maji.

Wakapendana, tena kwa fujo. Simu ilikuwa haishi kulia.

"Niweke kwenye toleo lijalo basi, mpenzi."

"Nikuweke kama nani? Jenerali?"

"Jenerali wa nini? Nifanye mlinzi, nisimame getini ninung'unike."

"Wachezaji watakuua, we."

"Waandikie wasiniue. Kazi yako hiyo."

Majira ya kuchipua maua Tetsuro alimpeleka Chizuru nyumbani kwao Kawasaki kumwona baba yake. Mzee Igarashi alikuwa mjane, askari mstaafu wa Kikosi cha Kujilinda, ndilo jeshi la nchi yao, mtu wa maneno machache. Chizuru alikuja na gauni la bluu na boksi la mikate kutoka duka zuri la Ginza. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka mbele ya picha ya marehemu mkewe, na hakuigusa tena.

"Nimekosea nini?" Chizuru aliuliza njiani kuelekea stesheni.

"Hujakosea. Baba hali mkate." Tetsuro alitazama nyuma, akashusha sauti. "Yeye na wenzake walipelekwa jangwani, nchi ya mbali, kujenga barabara na kugawa maji. Siku moja kikongwe akaja kwenye uzio na furushi. Amri ilikuwa kila furushi ni bomu. Baba akamlenga. Kumbe amewaletea mikate, bado ya moto. Ameniambia mara moja tu, tukiwa bafu la umma, amenipa mgongo. Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani mimi?"

Hakumwambia mtu. Aliandika. Mwandishi anayeachiwa siri nzito namna ile hawezi kukaa nayo, na mimi simteti, lakini hakuomba ruhusa na hilo ni kosa lake. Katika toleo lililofuata la mchezo, alimwandikia mlinzi mmoja, wa lango la kaskazini, maneno ya mzee, bila jina, bila nchi. Kwa ajili ya maneno hayo aligombana na wakubwa wa ofisi. Nchi nzima ilikuwa inabishana kuhusu kupeleka askari ng'ambo, na wao walitaka vita vya mchezo vibaki vya mchezo. Chizuru alishinda kwa ubishi. Alimficha Tetsuro yote hayo, akidhani anamwandalia zawadi.

Toleo hilo halikuuzwa dukani. Lilipakuliwa mtandaoni, na kila marekebisho ya kampuni yalijiingiza yenyewe. Jumapili mchana Tetsuro alikaa mbele ya runinga, padi ya kuchezea mkononi, baba yake nyuma akimenya tunda. Alilala nyasini karibu na lango la kaskazini, akamngojea mlinzi aongee, kama kawaida yake.

"Alikuja na furushi, nikamlenga," mlinzi alimwambia mwenzake. "Ilikuwa mikate. Hakufa mtu. Lakini kidole changu kilikuwa kimeshakata shauri."

Kisu kiliwekwa mezani. Mzee aliinuka, akaingia chumbani kwake, akauvuta mlango taratibu.

Tetsuro alimpigia Chizuru simu.

"Umemfanya nini baba yangu?"

"Tetsu, nisikilize. Sikumtaja. Na wewe mwenyewe uliniambia nikuweke..."

"Mimi! Nilisema mimi! Watu wanajificha nyasini, wanamsikiliza, halafu wanamkata koo. Baba yangu huyo, Chizuru!"

"Nilitaka wasikie. Mara moja tu, wasikie vita ni nini."

"Yaondoe."

"Nikiyaondoa hayarudi tena. Wakubwa wanatafuta sababu tu."

"Yaondoe. Ukinipenda, yaondoe."

Alimpenda, akaenda kuomba yaondolewe. Wakubwa hawakumuuliza hata swali. Mmoja wao alimletea chai mezani kwake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Marekebisho yaliyofuata yalimwacha mlinzi wa lango la kaskazini akiwa bubu. Chizuru alimtumia Tetsuro ujumbe: "Tayari." Tetsuro aliusoma, akaizima simu, maana hasira ilikuwa haijamtoka.

Jioni moja alirudi kutoka kazini akamkuta baba yake mbele ya runinga, ameshika padi kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake.

"Huyu kijana wa langoni, mbona siku hizi haongei?" mzee aliuliza. "Wamemuua?"

Tetsuro aliketi kando yake. Kumbe kila alipotoka kwenda kazini, mzee aliwasha mchezo, akafungua pale pale mwanawe alipoachia, akalala nyasini. Hakujua kitufe kingine chochote.

"Baba, nilidhani yamekuumiza."

"Yaliniuma. Nilijua ni maneno yangu. Lakini yeye akiyasema, mimi nilikuwa nasikiliza tu. Nilipumzika."

Tetsuro alitafuta video mtandaoni. Kila aliyoipata, mchezaji alimpiga risasi mlinzi kabla maneno yake hayajafika kwenye mikate. Akampigia Chizuru.

"Nilikosea. Yarudishe, nakuomba."

"Nilishajaribu, Tetsu. Nilijuta siku ile ile. Wameniambia nikitaja tena lile lango, nitafute kazi kwingine."

"Basi njoo. Njoo tu."

Alikuja na gauni lile lile la bluu, safari hii bila mikate. Mlangoni walishikana mikono muda mrefu, na kama hadithi ingeishia hapo ningefurahi mimi wa kwanza. Chizuru alipiga magoti mbele ya mzee, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akaomba msamaha. Kisha akasema, "Mzee, ninayajua kwa moyo. Niruhusu niyaseme." Akayasema yote, tangu furushi mpaka kidole.

Mzee Igarashi alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Umesema vizuri, binti," alisema. "Lakini yule wa langoni hakujua kama kuna mtu anamsikia."

Tetsuro alimsindikiza stesheni.

"Bado nakupenda, ujue."

"Najua. Na mimi. Ila kuanzia leo, kila utakaponiambia kitu, utajiuliza nitakipeleka wapi."

Tetsuro alitaka kumbishia. Alitafuta neno na hakulipata, na Chizuru alimwona akilitafuta. Alimrekebisha kola ya sare, akapita getini, na rangi ya bluu ikamezwa na watu waliokuwa wanatoka makazini.

Tetsuro aliporudi, baba yake alikuwa amelala nyasini mbele ya lango la kaskazini. Alikuwa ameongeza sauti ya runinga mpaka mwisho, na kilichosikika nyumba nzima ni upepo tu.