Maji ya Viazi Mlangoni

Kila jioni Makandi alimenya viazi vya mlo wa usiku, kisha akaenda kumwaga maji machafu kwenye sukuma wiki nyuma ya nyumba yao huko Kiirua. Jioni moja uvivu ulimshika. Alichungulia huku na huku, akayamwaga pale pale mlangoni mwa jiko.

Muda si muda nyanya yake akatoka na sufuria. Aliteleza, akajikinga kwa mkono wa kulia, na kifundo cha mkono kikapinda vibaya. Alikuwa ameinuka na kujikokota hadi karibu na ghala, baba yake Makandi, Mzee Kinoti, alipokuja mbio.

"Mama, umepatwa na nini?"

Nyanya alimtazama Makandi aliyejikunyata kando ya ukuta. Msichana huyo alipewa jina la nyanya yake, na kwa Wameru mtoto wa namna hiyo huhesabiwa kama nyanya mwenyewe. Nyanya hakuvumilia kumsikia akigombezwa.

"Nimeanguka kutoka kwa ngazi ya ghala," akasema.

Makandi alishusha pumzi, halafu akaona aibu kwa kushusha pumzi.

Kesho yake walienda hospitali mjini Meru. Daktari Mwanatatu aliitazama picha ya eksirei.

"Mfupa umevunjika vipande na kuhama," alisema. "Plasta peke yake haitaushika. Tutafanya upasuaji, tuuweke sawa na kuufunga kwa bamba dogo la chuma na skrubu. Lakini niambie, nyanya, ulianguka kutoka juu?"

"Juu kabisa, daktari."

"Basi sina la kushangaa. Kuanguka hivyo kunavunja hata mfupa wenye nguvu. Ungekuwa umeteleza tu ukitembea, ningepima mifupa yote. Mifupa ya wazee wengine hudhoofika bila maumivu yoyote. Leo mkono, kesho nyonga, na nyonga ikivunjika mtu anaweza asitembee tena."

 Makandi alimwogopa baba yake, lakini alimpenda nyanya zaidi.

"Daktari, hakupanda ngazi," alisema huku akilia. "Aliteleza kwa maji. Mimi ndiye niliyeyamwaga mlangoni."

"Makandi!" baba akafoka.

"Mwache, mzee," daktari akasema. "Amenisaidia sana."

Vipimo vilionyesha kwamba mifupa ya nyanya ilikuwa imekonda kweli. Daktari alichagua bamba linaloshika vizuri mfupa dhaifu, akamfanyia upasuaji, kisha akamwandikia dawa za kuimarisha mifupa, maziwa na mazoezi ya vidole. Nyumbani, Mzee Kinoti alimgombeza Makandi ipasavyo, kisha akaweka changarawe mlangoni mwa jiko.

Baada ya miezi kadhaa nyanya aliushika tena mwiko akaponda mukimo wa viazi, mahindi na mboga. Makandi alichukua beseni la maji machafu, akaelekea kwenye sukuma wiki bila kuambiwa.

"Wajina," nyanya akamwita, "mimi nilidhani nakulinda, kumbe nilikuwa namnyima daktari ukweli wa kunitibu. Ukikosea, sema mapema. Na mimi nikitaka kukufichia tena, usikubali."