Mboga za Wifi Yangu Niliwalisha Nguruwe

Nina umri wa miaka arobaini na mmoja. Sina mume, sina mtoto. Naishi peke yangu hapa Karatu, nauza nguo za mitumba, na watu wanaonifahamu husema mimi ni mama mpole, mtu wa kanisa.

Hawanijui!

Wasomaji wenzangu, mikasa mingi ninayoisoma huandikwa na watu waliotendewa. Huu wangu ni tofauti. Mimi ndiye niliyetenda. Sitaki mnionee huruma. Nataka mnisome mpaka mwisho, kisha mtazame ndani ya nyumba zenu.

Niliolewa kwetu Rombo nikiwa na miaka ishirini na tatu. Nikakaa miaka minane bila kushika mimba hata moja. Nilikunywa mizizi, niliombewa, nilikwenda hospitali tatu... hakuna kitu. Mwishowe mume wangu akaleta mwanamke mwenye tumbo la miezi sita, na mama mkwe akaniambia niondoke chumbani ili mgeni apate pa kulala. Nilitoka na godoro kichwani mchana kweupe, majirani wamesimama kwenye migomba wananitazama.

Aliyenipokea ni mdogo wangu wa mwisho, Godlisten. Alikuwa dereva wa watalii, akiwapeleka Wazungu kwenye bonde la kreta na Serengeti. Alikuwa amejenga hapa Karatu nyumba ya vyumba vitatu, na nyuma yake bustani ya mboga na banda la nguruwe.

"Dada, hapa ni kwako," aliniambia. "Hakuna mtu atakayekufukuza tena."

Mwaka uliofuata akaoa. Mkewe aliitwa Naomi, binti wa miaka ishirini kutoka Digodigo, walikutana kwenye kambi ya watalii alikokuwa akisaidia jikoni. Kwao ni mbali, na barabara ni ya shida. Mvua zikianza, gari linaweza lisionekane huko wiki nzima na zaidi. Kwa hiyo mama yake mzazi alikuwa kama hayupo. Hapa mjini alikuwa na mimi tu.

Na alinipenda! Hilo ndilo linaloniua. Alikuwa akinisuka nywele barazani, ananihadithia mifereji ya maji ya kwao na mashamba ya mtama. Kila jambo aliniuliza kwanza. "Wifi, nifanyeje hapa? Wifi, hii naipikaje?" Sikuwahi kupendwa hivyo hata na dada zangu wa tumbo moja.

Kisha akapata mimba. Miezi mitatu tu baada ya ndoa!

Mdogo wangu alifurahi mpaka akachanganyikiwa. Alirudi safari akaanza kuchota maji mwenyewe, mwanaume mzima na ndoo begani, ili mkewe asiiname. Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa jikoni nikimenya viazi, nikawa nakata maganda mazito kuliko viazi vyenyewe.

Miaka minane mimi! Yeye miezi mitatu! Mungu gani huyu? Na mtoto akizaliwa, mimi nitakuwa nani katika nyumba hii? Si nitabeba godoro tena?

Hakuna aliyenitamkia neno baya. Ni moyo wangu mwenyewe ulioniambia hayo, nami nikauamini.

Godlisten aliniomba nimsindikize Naomi kliniki. Nesi alimvuta kope ya chini, akatazama, akaguna. Akamwambia damu yake iko chini kidogo, akampa vidonge vya kuongeza damu. Akamwambia ale mboga za majani kila siku, maharage, ini akipata, na matunda: machungwa, mapapai, maparachichi. Tena asinywe chai ya rangi pamoja na chakula. Halafu akanigeukia mimi.

"Wewe ni nani yake?"

"Wifi yake."

"Basi hapa wewe ndiye mama yake. Umsimamie."

"Nimeelewa, nesi," nikajibu. Na kweli nilikuwa nimeelewa. Msije mkafikiri nilikuwa mjinga. Nilielewa kila neno!

Tulipotoka, Naomi akaniomba tupitie sokoni tununue machungwa. Hapo ndipo uongo wa kwanza ulipotoka kinywani mwangu, laini kama mafuta.

"Machungwa? Hao manesi wamesoma vitabu tu, hawajui mambo ya wanawake. Machungwa yanakausha damu. Parachichi linamnenepesha mtoto, utapasuliwa tumbo. Papai ndiyo kabisa, mimba inateleza."

"Umejuaje, wifi?"

"Unafikiri mimi nilipotezaje mimba zangu tatu?"

Wasomaji, sikuwahi kuwa na mimba! Hata moja! Lakini yule binti alisimama katikati ya barabara, akanishika mikono yote miwili, akalia. Alinililia watoto ambao hawakuwahi kuwepo. Nami nikamfuta machozi kwa pembe ya khanga yangu, nikamwambia asimwambie mumewe, kwani hiyo ni siri ya wanawake wa ukoo wetu na mwanaume akiijua inaleta nuksi.

Akaapa hatasema. Na hakusema.

Kuanzia siku hiyo miiko ikaongezeka. Mchicha unaharisha. Mnavu unamfanya mtoto awe na uchungu moyoni. Maharage yanamjaza gesi. Mayai, mtoto atatoka kipara. Vidonge vya damu vilipomtia kichefuchefu nikamwambia huo ni mwili unakataa sumu, avitupe chooni. Akavitupa. Kliniki hatukurudi tena. Nilimpa ugali na dagaa kidogo, ugali na chumvi, na chai ya rangi asubuhi, mchana na jioni.

Je, chakula hakikuwepo? Kilijaa tele! Bustani yetu ilikuwa na spinachi, karoti, figiri. Godlisten kila akitoka Arusha alisimama Mto wa Mbu, akashusha nyumbani mkungu wa ndizi, mapapai, maembe. Alinikabidhi mimi. "Dada, za wifi yako hizi. Hakikisha anakula." Kesho yake asubuhi anaondoka tena na wageni wake, siku saba, siku kumi.

Mimi nilisubiri gari lipotelee kwenye kona, nikayabeba matunda na mboga kwenye karai mpaka bandani... nikawamwagia nguruwe.

Ningeweza kula mwenyewe. Ningeweza kugawa. Lakini nilitaka nisimame pale niwaone nguruwe wakitafuna papai la mtoto wa mdogo wangu. Ndivyo roho yangu ilivyokuwa imeoza.

Mwezi wa sita wa mimba Naomi alianza kuchoka. Akipanda ngazi mbili za baraza anakaa chini, anahema. Viganja vyake vikawa vyeupe. Godlisten aliniuliza kwa nini mkewe amepauka, nikamwambia mimba ya kwanza ndivyo ilivyo, na kwamba chakula anakula vizuri kuliko sisi sote. Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Mimi ni dada yake niliyembeba mgongoni.

Kisha akashikwa na hamu ya udongo. Nilimkuta akilamba ukuta wa jiko la nje, ule wa udongo mwekundu. Alinitazama kwa aibu kama mtoto aliyeiba sukari.

Unajua nilifanya nini? Nilikwenda sokoni nikamletea udongo wa kula, mfuko mzima! Nikamwekea kwenye bakuli, nikamwambia ale, udongo hauna madhara. Akanishukuru.

"Wifi, bila wewe sijui ningekuwaje hapa mjini."

Jirani yetu, Mama Paulina, Mmbulu mmoja mwenye maneno machache, ndiye aliyeona. Siku moja alikuwa anakata majani ya ng'ombe wake kwenye ua, akaniona na karai langu.

"Dada," akaniita. "Nguruwe wanakula papai, na mjamzito wako anakula udongo. Hiyo ni nini?"

Nikamjibu kwamba ashughulike na nyumba yake. Ila jioni ile alikuja na bakuli la mboga za kunde zilizoungwa kwa maziwa, akamkabidhi Naomi mkononi, akasimama ili amwone akila. Alikula matonge mawili, macho yake yakang'aa. Mungu wangu, alivyokuwa na njaa ya mboga!

Mama Paulina alipoondoka tu nikamnyang'anya bakuli. Nikamnong'oneza kwamba yule mama ni mchawi, ameshazika watoto watatu wa watu kwa chakula chake. Uongo mtupu! Lakini Naomi alikwenda nyuma ya nyumba akajitia kidole kooni, akatapika yote. Kuanzia hapo Mama Paulina akija na bakuli, binti anajifungia ndani.

Mimba ilikuwa na miezi saba na siku kadhaa ilipotokea. Ilikuwa asubuhi, jua limetoka, anafagia uwanja. Nilisikia ufagio ukianguka. Nilipotoka alikuwa amepiga magoti, ameshika tumbo, na damu ilikuwa inashuka mpaka kwenye visigino.

"Wifi, nimekosea mwiko gani?" aliniuliza. "Sijala chochote, wifi! Nakuapia sijala chochote!"

Nilisimama kama mti. Ni Mama Paulina aliyeruka ua, akampigia kelele mumewe atoe pikapu. Yeye ndiye aliyempakata Naomi mapajani mpaka hospitali. Mimi nilikaa nyuma, upepo unanipiga usoni.

Alijifungua mtoto wa kike, mdogo kama kifaranga. Lakini damu ya mama haikukoma. Daktari alitoka akasema mgonjwa alikuja damu ikiwa chini mno, hana akiba, kwa hiyo hata hiyo aliyopoteza ni nyingi kwake. Mumewe Mama Paulina alitoa damu. Mimi walinipima, ikakataa. Hata damu yangu haikumfaa! Wakamwingiza chumba cha upasuaji, na ili kumwokoa wakaondoa kizazi.

Godlisten aliitwa kwa redio ya gari akiwa Serengeti. Akakabidhi wageni wake kwa dereva mwenzake, akafika siku ya pili mchana, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Naomi alikuwa ameshaamka. Daktari alikuwa pembeni ya kitanda na faili lake, akimuuliza kwa upole.

"Mama, ulikuwa unakula nini nyumbani?"

Naomi alitabasamu. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini chumba kizima kilisikia.

"Wifi alinitunza vizuri, daktari. Alinikataza vitu vyote vibaya. Sikula machungwa. Sikula papai, wala parachichi, wala ndizi. Mchicha sikugusa. Maharage sikugusa. Hata vile vidonge nilitupa. Nilishika miiko yote... sijui kwa nini imetokea hivi."

Wengine walitazama wapi, sijui. Mimi nilitazama sakafu. Niliona viatu vya mdogo wangu vikigeuka taratibu kunielekea.

"Dada," alisema. "Mapapai yangu yalikwenda wapi?"

Mama Paulina, aliyekuwa amesimama mlangoni, ndiye aliyejibu. "Waulize nguruwe wako, baba."

Godlisten hakunipiga. Laiti angenipiga! Alikaa chini sakafuni, akaegemea kitanda cha mkewe, akalia kwa sauti. Na Naomi... nilimwona akielewa. Alikuwa akinitazama mimi, kisha mumewe, kisha mimi tena. Tabasamu likamtoka usoni polepole. Akavuta shuka, akajifunika uso.

Mtoto aliishi siku tatu. Sikuruhusiwa kumshika. Sikuruhusiwa kwenye maziko.

Mdogo wangu aliyatoa mabegi yangu nje, akayaweka kando ya barabara kwa utaratibu, kama anavyopanga mizigo ya wageni. Alisema neno moja tu: "Tulikuwa na dada." Mpaka leo hajasema lingine. Tukikutana mjini anavuka barabara.

Ndoa yao ilivunjika ndani ya mwaka mmoja. Walikuwa hawawezi kutazamana. Kila mmoja alijiuliza kwa nini hakumuuliza mwenzake. Naomi akarudi kwao Digodigo.

Miaka minne baadaye, mchungaji alinishauri niende nikaombe msamaha. Nikapanda gari la mizigo, siku nzima ya mashimo na vumbi. Nilimkuta Naomi akifungulia maji kwenye mfereji wa shamba la mama yake. Alikuwa amekomaa, amenyamaza. Nilipiga magoti kwenye matope, nikaeleza yote, hata zile mimba tatu za uongo.

Alinisikiliza jembe likiwa mkononi. Nilipomaliza alisema:

"Nilikulilia barabarani siku ile. Machozi yale nayataka yarudi, wifi. Unaweza kuyarudisha?"

Nikasema siwezi.

"Basi nenda. Gari la kurudi ni moja tu, na linageuza sasa hivi."

Akainama, akaendelea kuelekeza maji.

Ndugu zangu, hayo ndiyo yangu. Nilichukia utasa wangu, nikauhamishia kwa msichana ambaye hakunikosea lolote. Sasa tuko wawili.

Enyi akina dada mlio wajawazito, mkiambiwa chakula fulani ni mwiko, kamuulizeni nesi, hata kama anayewaambia ni mtu mnayempenda. Hasa kama ni mtu mnayempenda! Enyi akina baba, msikabidhi matunda mlangoni mkaondoka. Kaeni, wamenyeeni wake zenu kwa mikono yenu, muwaone wakila.

Na wewe uliye mgumba kama mimi, unayeishi kwenye nyumba ya ndugu yako na mkewe ana tumbo... najua kinachokuwasha kifuani. Usikifiche kama nilivyokificha mimi. Kitafutie mtu, ukiseme, ukilie. Kisha nenda bustanini ukamchumie mchicha, ukampikie, ukakae naye mpaka amalize sahani.